Kemia na Elimu ya Awali: Kozi Mbili, Mtoto Mmoja

(Mada iliyotolewa kwa wazazi, walezi na wahitimu wa kidato cha nne kuhusu uchaguzi wa kozi za vyuo)



Matokeo ya kidato cha nne yanapotangazwa, nyumba nyingi hugeuka kuwa baraza. Baba, mama, mjomba na shangazi huketi na kijana, na swali huwa moja: akasomee nini? Katika mabaraza hayo kozi mbili hupitwa haraka. Ya kwanza ni ya kemia, ambayo wengi huiogopa wakidhani ni ya wachache wenye akili za pekee, tena wavulana. Ya pili ni ya elimu ya awali, ambayo wengi huidharau wakidhani ni kuimba na kupiga makofi na watoto. Mwenye hofu na mwenye dharau wamekosea kwa namna moja: hawajaitazama kazi yenyewe.

Kazi ya mwanakemia huonekana katika ndoo ya maji. Kwenye miteremko ya Mlima Meru na sehemu nyingine za Bonde la Ufa, maji ya chemchemi na visima vingi hupita katika miamba ya volkano na kubeba floridi. Maji hayo huweza kuwa maangavu kabisa, yasiwe na harufu wala ladha ya kumshtua mnywaji. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 za floridi kwa lita moja. Kikomo hicho kikipitwa, meno ya mtoto huweza kuota yakiwa na madoa ambayo mswaki hauyaondoi. Na kiwango kikiwa kikubwa kwa miaka mingi, mifupa na viungo navyo huathirika. Mama anayechemsha maji hufanya jambo jema, kwa kuwa huua vijidudu. Lakini floridi haiondoki kwa moto. Maji yakipungua kwa mvuke, yanayobaki huwa na floridi iliyokolea zaidi.

Macho hayawezi kulitambua tatizo hilo. Linahitaji mtu aliyefundishwa kuchukua sampuli, kupima kwa usahihi na kuandika matokeo yanayoaminika. Linahitaji pia mtu anayefahamu ni kwa nini mkaa wa mifupa ya ng'ombe hunasa floridi, njia ambayo kituo cha utafiti cha Ngurdoto, mkoani Arusha, kimeishughulikia kwa miaka mingi. Elimu ya namna hiyo hupatikana katika kozi za sayansi na teknolojia ya maabara, kama ile ya Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam (DIT). Ujuzi wake huhitajika katika mamlaka za maji, viwanda, migodi na maabara za shule.

Kazi ya mwalimu wa awali nayo si ndogo. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 iliifanya elimu ya awali kuwa ya lazima kwa mwaka mmoja kabla ya darasa la kwanza. Desemba 2021 Serikali ilizindua Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, inayomlenga mtoto tangu kuzaliwa hadi miaka 8. Nguzo zake ni tano: afya bora, lishe ya kutosha, malezi yenye mwitikio, ujifunzaji wa awali, na ulinzi na usalama. Anayesomea kozi hii hujifunza hatua za ukuaji wa mtoto, namna ya kufundisha kwa michezo, kutengeneza zana kwa vitu vilivyopo, na kumtambua mapema mtoto asiyesikia vizuri, asiyeona vizuri au anayekumbana na ukatili. Wimbo anaouimba mwalimu huyo una kazi: kwa huo mtoto hujifunza sauti za maneno, hesabu na subira ya kungoja zamu yake.

Umri huo wa miaka 8 ndipo kozi hizi mbili zinapokutana. Gamba gumu la karibu meno yote ya utu uzima hujengeka ndani ya fizi kabla ya mtoto kutimiza miaka 8 hivi. Floridi iliyozidi ikiliharibu wakati huo, haliwezi kujengeka upya. Meno hayo huanza kuchomoza mtoto anapokaribia miaka 6, akiwa darasa la awali au la kwanza. Mwalimu aliyefunzwa ndiye atakayewaona watoto watatu wa kitongoji kimoja wakificha vinywa wanapocheka, na kutoa taarifa. Mtaalamu wa maabara ndiye atakayekipima kisima chao, ili wadogo zao waliobaki nyumbani wanusurike. Mmoja akikosekana, mwingine hufanya nusu ya kazi.

Kabla ya kulipa ada, familia ihakikishe mambo matatu. Kwanza, chuo kiwe kimesajiliwa na kozi iwe imeidhinishwa. Baraza la Taifa la Elimu na Mafunzo ya Ufundi na Ufundi Stadi (NACTVET) hutoa mwongozo wa udahili unaovitaja vyuo na sifa za kila kozi. Pili, ufaulu wa kijana ulinganishwe na sifa hizo, somo kwa somo. Asiyefaulu kemia asiahidiwe maabara na dalali wa chuo. Tatu, gharama zote ziulizwe, zikiwemo za malazi na mafunzo kwa vitendo. Tangu mwaka wa masomo 2023/24, Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu hutoa pia mikopo kwa ngazi ya stashahada katika fani zilizopewa kipaumbele, hivyo mwombaji asome mwongozo wa mwaka husika.

Familia iliyouza ng'ombe au kipande cha shamba kulipia chuo kisichosajiliwa hupoteza mali, miaka na imani ya kijana kwa pamoja. Afisa Elimu Kata yupo kwa ajili ya maswali hayo, na kumuuliza hakulipiwi. Kijana aende naye akiwa na nakala ya matokeo yake, na mzazi awe pembeni yake.