Léonard Mpoyi hakupewa hata kesi
Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Kamatanda



Sisi tuliofukuzwa Likasi mwaka 1992 na kurudi, tunajua uoga wa mgeni kazini: nyamaza, hapa si kwenu. Ndiyo maana leo tunataja jina la Léonard Mpoyi.

Desemba 1941, vita ilikuwa imepandisha bei ya vitu, mushahara haukutosha. Wafanyakazi wa Union Minière, kati yao watu wa kutoka Kasai, wakagoma, hapa Likasi na kule Lubumbashi. Tarehe 9, kwenye kiwanja cha mpira Lubumbashi, Mpoyi, karani, akasema kwa niaba ya wenzake. Akapigwa risasi. Makumi ya wengine wakafa. Ni hukumu ya kifo bila juji, bila avoka, bila dosie.

Kule Marekani, wahamiaji wa Italia waliandamana miaka na miaka kwa ajili ya wafanyakazi wenzao, Sacco na Vanzetti. Wakauawa hata hivyo, 23 Agosti 1927. Lakini dosie ilibaki, na mwaka 1977 gavana wa Massachusetts akatangaza kwamba hawakutendewa haki. Watu wa Mpoyi wangeandamana mbele ya tribinali gani?

Basi tunaomba vitu viwili. Mwenzetu akikamatwa kwa kudai mushahara, mutujulishe siku ile ile, twende pamoja na avoka. Michango yenu ndiyo itamulipa. Na familia zenye majina ya waliokufa 1941, mutuletee, tuyaandike.