Somo la Leo: Breki Inayolia

Ninyi mlioketi darasani hapo Somanda, na wenzenu wote wa Bariadi, kaeni vizuri tuanze.

Labda jirani yako anafufua Land Rover ya zamani. Magari hayo yalianza kutengenezwa Uingereza mwaka 1948, na mengi yaliletwa Tanganyika. Injini yake sasa inawaka, na rangi ni mpya. Lakini akikanyaga breki, gurudumu linalia, "Kwiii!" Mtu atamwambia: "Tia oili kidogo, itanyamaza." Ndugu zangu, itanyamaza kweli, lakini gari halitasimama. Na barabarani wanapita ng'ombe na watoto wa shule. Afadhali breki ilie kuliko mama alie.

Kwa nini breki hulia? Ndani ya gurudumu mna dramu la chuma linalozunguka. Ndani ya dramu mna viatu viwili vya breki, na kila kiatu kimevikwa gamba gumu. Ukikanyaga, viatu hutanuka vikalishika dramu. Vikishika sawasawa, gari husimama kimya. Vikishika huku vinatetemeka, mtetemo huo ndio kelele. Basi dawa yake ni kuondoa mtetemo.

Sikilizeni hatua zake.

Kwanza: zuia magurudumu kwa mawe, inua gari, kisha uliweke juu ya stendi imara. Usitegemee jeki peke yake.

Pili: usipulize vumbi la breki, kwa mdomo wala kwa pampu. Magamba mengi ya zamani yalitiwa asbesto, na vumbi lake huharibu mapafu. Lilowshe kwa maji, ulifute kwa kitambaa. Kabla kitambaa hakijakauka, kifunge ndani ya mfuko.

Tatu: tazama magamba. Yakiwa yamelowa oili au mafuta ya breki, ziba kwanza panapovuja. Kisha weka mapya, kulia na kushoto pamoja. Nunua yasiyo na asbesto.

Nne: dramu likiwa na mifereji, lipeleke kwa fundi mwenye mashine ya kukereza. Likiwa limelika kupita kipimo, tafuta jingine.

Tano: badilisha springi zilizolegea. Paka grisi ya kustahimili moto pale kingo za viatu zinaposugua bamba la nyuma. Kiasi cha punje ya mtama chatosha. Isiguse gamba wala dramu.

Mwisho: rekebisha breki, kisha jaribu gari uwanjani, polepole na mara nyingi, mpaka magamba yazoeane na dramu.

Sasa andikeni majibu katika madaftari yenu.

1. Breki hulia kwa sababu gani?
2. Kwa nini hatupulizi vumbi lake?
3. Utamwambia nini anayetaka kutia oili?

Someaneni majibu kwa sauti. Kwaherini, mpaka somo lijalo.