Bei ya bomba na bei ya ndoo



Juma hili nataka tuzungumze juu ya maji, na hasa juu ya fedha za maji. Ukitaka kujua nani ana uwezo na nani hana katika mji mkubwa, huna haja ya kutazama magari wala nyumba. Uliza tu maji yanamfikiaje. Yule ambaye maji humfuata kwa bomba hulipa kidogo, tena mwisho wa mwezi. Yule ambaye huyafuata maji kwa ndoo, au huletewa kwa mkokoteni, hulipa kingi, tena papo hapo, kabla hajayaonja. Ndivyo ilivyo Dhaka, Karachi, Jakarta na miji mingine mingi ya bara la Asia, bara ambalo lina zaidi ya nusu ya watu wote wa dunia.

Serikali nyingi za huko zimejaribu kuwasaidia maskini kwa njia moja kubwa, nayo ni kushusha bei ya maji ya bomba. Nia ni njema. Lakini hebu tufanye hesabu pamoja. Ruzuku inayowekwa katika bei ya maji ya bomba humfikia nani? Humfikia mwenye bomba. Kadiri anavyotumia maji mengi ndivyo anavyopata ruzuku kubwa zaidi. Mwenye bustani na gari la kuosha anasaidiwa kuliko mwenye sufuria moja. Na mama wa kitongoji ambaye bomba halijamfikia hapati hata senti moja ya ruzuku hiyo.

Tena ubaya hauishii hapo. Shirika linalouza maji chini ya gharama hukosa fedha za kuziba mabomba yanayovuja, hukosa fedha za kulipa mishahara ya maana, na hukosa fedha za kupeleka bomba mitaa mipya. Mtaa mpya ndiko aliko maskini. Kwa hiyo maji ya bei nafuu kwa wote hugeuka kuwa maji ya bei nafuu kwa wachache, na walio wengi huachwa mikononi mwa mchuuzi.

Sasa natutazame mji mmoja uliotoka katika shimo hilo. Mji huo ni Phnom Penh, makao makuu ya Kambodia. Mwaka 1975 utawala wa Khmer Rouge uliwafukuza wakazi wote wa mji ule na kuwapeleka mashambani. Utawala huo ulipoangushwa mwaka 1979, mitambo ilikuwa imechakaa na mafundi wengi walikuwa wameuawa. Hadi mwaka 1993, asilimia 72 ya maji yaliyosafishwa yalikuwa hayaleti mapato yoyote: mengine yakivuja, mengine yakiibwa. Maji yalitoka kwa saa 10 tu kwa siku, na sehemu kubwa ya mji haikuwa na bomba kabisa.

Mwaka huo huo wa 1993 shirika la maji la mji lilipata mkurugenzi mpya, mhandisi Ek Sonn Chan, mtu aliyeponea chupuchupu katika miaka ya Khmer Rouge. Jambo la kwanza alilofanya ni kuhesabu wateja, nyumba kwa nyumba. Hesabu hiyo ilifichua mengi. Wapo waliokuwa wakipata maji miaka nenda miaka rudi bila kuletewa ankara. Wapo waliokuwa wakiletewa ankara na hawapati hata tone. Na wapo wafanyakazi wa shirika lenyewe waliokuwa wakiuza maunganisho ya wizi usiku.

Basi kila mteja akafungiwa mita. Wafanyakazi wezi wakaondolewa, na waliobaki wakaongezewa mishahara na kupewa zawadi kwa kazi nzuri. Kisha ikaja kazi ngumu kuliko zote: kuwadai wakubwa. Ofisi za Serikali, kambi za jeshi na nyumba za vigogo ndizo zilizokuwa hazilipi. Ek Sonn Chan amesimulia hadharani jinsi jenerali mmoja alivyomwelekezea bunduki alipokwenda kufunga mita. Hakurudi nyuma, maji ya jenerali yalikatwa mpaka akalipa. Wananchi walipoona wakubwa wanalipa, nao wakalipa. Samaki huoza kuanzia kichwani, na dawa nayo ilianzia huko huko.

Mwishoni mwa mwaka 1996 shirika hilo lilipewa mamlaka ya kujiendesha lenyewe: kuajiri, kufukuza na kutunza mapato yake. Mwaka 1997 bei ya maji ilipandishwa, na tena mwaka 2001. Kulikuwa na hatua ya tatu katika mpango, lakini haikuhitajika. Kwa nini? Kwa sababu maji yaliyokuwa yakipotea sasa yalikuwa yanalipiwa, na makusanyo yalitosha. Ilipofika katikati ya miaka ya 2000, upotevu ulikuwa umeshuka chini ya asilimia 10, maji yalitoka saa 24, na karibu mji wote ulikuwa na bomba. Mwaka 2012 shirika hilo likawa la kwanza kuandikishwa katika soko la hisa la Kambodia, na Serikali ikabaki na hisa nyingi zaidi.

Lakini mtu atauliza: bei ikipanda, maskini si ndiye anayeumia? Hapa ndipo penye kiini cha mazungumzo yangu. Phnom Penh haikuweka msaada wa maskini katika bei peke yake. Iliuweka katika gharama ya kuunganishiwa bomba. Familia maskini zilipimwa hali zao, nazo zikapunguziwa gharama hiyo kwa asilimia 30, 50, 70, au zikasamehewa yote. Nyingine ziliruhusiwa kulipa kidogo kidogo kwa miezi. Kwani kinachomshinda maskini si ankara ya mwezi. Kwa mwezi humlipa mchuuzi zaidi ya hiyo. Kinachomshinda ni lile donge la fedha linalodaiwa siku ya kwanza.

Kipo kizuizi cha pili, nacho ni hati ya ardhi. Katika mji wa Dhaka, Bangladeshi, mamlaka ya maji ilikuwa haimuunganishii bomba mtu asiye na uthibitisho wa kumiliki kiwanja. Wakazi wa vibanda wangeutoa wapi uthibitisho huo? Tangu mwaka 1992 shirika moja la hiari, liitwalo Dushtha Shasthya Kendra, lilikwenda kuwadhamini. Liliweka amana na kuahidi kulipa ankara endapo wakazi wangeshindwa. Kamati za wakazi, ambamo akina mama walikuwa mstari wa mbele, zikasimamia visima na mabomba na kukusanya fedha. Wakazi walilipa. Baadaye mamlaka ikalegeza sharti, na vikundi vya vitongoji vikaruhusiwa kuomba maji kwa jina lao wenyewe. Mtu asiye na hati ya kiwanja anaweza kabisa kuwa mteja mwaminifu wa maji.

Sasa tuje kwenye mikopo, maana mabomba makubwa hayajengwi kwa michango ya mtaa. Hapa mji wa Manila, Ufilipino, una funzo lake. Tarehe 1 Agosti 1997 huduma ya maji ya mji huo ilikabidhiwa kampuni mbili binafsi kwa miaka 25, moja mashariki na nyingine magharibi. Kampuni ya magharibi, Maynilad, ilibebeshwa asilimia 90 ya madeni ya nje ya shirika la zamani. Mwezi mmoja tu kabla, mtikisiko wa fedha wa Asia ulikuwa umeanza. Ndani ya miaka michache peso ya Ufilipino ilipoteza karibu nusu ya thamani yake. Wateja wanalipa kwa peso, deni linadaiwa kwa dola! Mwezi Desemba 2002 Maynilad ilitoa taarifa ya kutaka kuvunja mkataba. Hata hivyo, tusiwe wepesi wa kulaani yote. Kampuni zote mbili zilipeleka mabomba katika vitongoji vya maskini bila kudai hati ya ardhi, na kwa malipo ya awamu. Kilichoharibika zaidi upande wa magharibi ni mpango wa fedha.

Mambo haya si mageni masikioni mwetu. Mwaka 2003 Dar es Salaam nayo ilikabidhi huduma ya maji kwa kampuni binafsi kwa mkataba wa miaka 10, na mwaka 2005 Serikali ikauvunja. Kule Phnom Penh shirika lilibaki mikononi mwa umma na likafaulu. Mashirika ya umma yaliyoshindwa nayo yamejaa duniani. Kwa hiyo mabishano ya umma au binafsi hayatoshi. La kuuliza ni kama wakubwa wanalipa, kama uvujaji unazibwa, na kama bomba linafika kwa asiye nacho.

Mwaka 1992, katika mkutano wa Dublin, wataalamu walisema maji yana thamani ya kiuchumi. Mwaka 2010 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa likatamka kwamba maji safi ni haki ya binadamu. Wako wanaodhani kauli hizo mbili zinapingana. Mimi sioni hivyo. Haki isiyo na fedha ya kununulia bomba hubaki katika karatasi. Na fedha isiyoongozwa na haki hujenga mabomba mahali ambapo tayari yapo.

Kwa hiyo, ndugu wasikilizaji, popote pale mtu anapokuja kuwaahidi maji ya bei nafuu, iwe ni mwanasiasa, mfadhili au kampuni, msimpigie makofi haraka. Muulizeni kwanza: kuunganishiwa bomba ni kiasi gani, na kunalipwa kwa muda gani? Je, asiye na hati atapata? Je, vigogo watafungiwa mita na kukatiwa wasipolipa? Na mkopo huo utalipwa kwa fedha ya nchi gani? Akiwa na majibu ya maswali hayo manne, msikilizeni. Akiwa hana, mjue kwamba mchuuzi wa mkokoteni ataendelea kuwa na wateja.