Hospitali Iliyojengwa kwa Senti

Leo twataka kuwapa habari za hospitali ya Wabudha iliyoko Hualien, mji wa pwani ya mashariki ya Taiwan. Jina la jamaa waliyoiweka ni Tzu Chi.

Milima mirefu yaitenga pwani ile na miji mikubwa ya magharibi. Zamani mgonjwa maskini wa huko alikuwa na taabu mbili: ya kwanza njia, ya pili fedha. Maana ilikuwa desturi hospitalini kudai fedha za dhamana kabla ya kumlaza mgonjwa, na asiyekuwa nazo hukosa kitanda.

Mwaka 1966 mtawa wa kike, Cheng Yen, aliwakusanya wanawake 30, wake wa nyumbani. Aliwapa mianzi ya kuwekea fedha, akawaagiza watie senti 50 kila siku kabla ya kwenda sokoni. Wakamwuliza, mbona tusitoe dola 15 mara moja kwa mwezi? Akawajibu kwamba atoaye kila siku huukumbusha moyo wake huruma kila siku. Nao watawa wenzake wakashona kila siku jozi moja zaidi ya viatu vya watoto wachanga, ili viuzwe.

Haba na haba hujaza kibaba. Mwaka 1972 walifungua zahanati ya bure. Walipokuwa wakitafuta fedha za hospitali, mwaka 1981, Mjapani mmoja aliahidi dola za Marekani milioni 200. Cheng Yen akazikataa, kwa kuwa alitaka watu wengi wapate fungu katika tendo lile.

Je, ni haki kukataa mali, hali wagonjwa wangoja? Swali hili ni zito, wala hatulidharau. Lakini tazameni mlango wa hospitali ile ilipofunguliwa Agosti 1986: mgonjwa hakudaiwa dhamana, alitibiwa kwanza, hesabu ikafuata. Nyumba iliyojengwa kwa senti za wengi, nani angethubutu kumfungia mlango asiye na senti? Bima ya afya ya taifa zima ilifuata baadaye, mwaka 1995.

Dini yao si yetu. Lakini sisi tuliosoma habari za mjane na senti zake mbili twaielewa kazi yao mara moja. Basi tusingoje tajiri. Kutoa ni moyo, si utajiri.