Utumbo Usio na Wenyewe

Mwaka 1971 ufugaji wa kuku wa nyama nchini Finland uliingiliwa na salmonela. Aina iliyosumbua, Salmonella Infantis, ilipenya kupitia chakula cha kuku na kutapakaa mabandani. Huo ulikuwa ufugaji wa kisasa: vifaranga wa mashine, wengi kwa wakati mmoja, wakikulia mbali kabisa na kuku wakubwa. Watafiti wawili, Esko Nurmi na Martti Rantala, walijiuliza kama utengano huo ndio uliowaponza vifaranga. Walichukua vilivyomo ndani ya gole na utumbo wa kuku wakubwa wenye afya, wakavipunguza makali kwa kimiminika, wakawanywesha vifaranga waliotoka kuanguliwa. Kisha wakawapa salmonela. Wengi wa walionyweshwa walihimili, ilhali wenzao ambao hawakunyweshwa waliambukizwa. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1973 katika jarida la Nature, na tangu hapo elimu ya magonjwa ya utumbo wa mifugo haikuwa tena ile ya zamani.

Walichofanya Nurmi na Rantala hufanywa na kila kuku wa kienyeji aliyetotoa uani. Mama hupekua takataka, vifaranga hudonoa alipopekua, hudonoa hata kinyesi chake, na ndani ya siku chache utumbo wao umejaa bakteria wa ukoo. Wapangaji hao wakishaingia, chumba hakibaki tupu. Hukaa kwenye ukuta wa utumbo, hula chakula ambacho mgeni angekula, na katika vile vifuko viwili vilivyo mwisho wa utumbo mwembamba wa kuku hutengeneza asidi ambazo salmonela hazivumilii. Kifaranga wa siku moja aliyetoka kwenye mashine hana ulinzi huo. Chembe chache tu za salmonela humtosha, wakati kuku mkubwa huhitaji kumeza mamilioni.

Mhadhara huu una hoja moja. Bakteria wengi wanaoua mifugo kupitia utumbo ni wavamizi wa mahali palipokosa wenyewe. Hupata nafasi katika siku za kwanza za maisha, siku chakula kinapobadilishwa ghafla, na siku dawa inapofagia kila kilichomo. Anayewapiga vita kwa dawa peke yake, bila kutazama nafasi hiyo ilifunguliwa na nini, atakuwa mteja wa duka la dawa za mifugo maisha yake yote.

Historia ya salmonela yenyewe inaonyesha jinsi ilivyo rahisi kumkamata asiye na hatia. Mwaka 1885 Theobald Smith, aliyekuwa akifanya kazi chini ya daktari wa mifugo Daniel Elmer Salmon katika Wizara ya Kilimo ya Marekani, alimpata bakteria katika nguruwe waliokuwa wakifa kwa ugonjwa ulioitwa kipindupindu cha nguruwe. Iliaminika kwamba chanzo kimepatikana. Mwanzoni mwa miaka ya 1900, wanasayansi wa wizara hiyohiyo walichuja majimaji ya nguruwe wagonjwa mpaka hayakuwa na bakteria hata mmoja, wakawadunga wazima, na ugonjwa ukatokea vilevile. Muuaji alikuwa kirusi. Bakteria wa Smith alikuwa ameukuta mwili umedhoofika, akaingia. Lakini jina la mkubwa wa kazi, Salmon, lilikwisha kubaki kwenye bakteria hao.

Mwaka huohuo wa 1885, huko Ujerumani, Theodor Escherich alieleza bakteria aliyemwona katika kinyesi cha watoto wachanga. Leo tunamwita Escherichia coli, na yumo katika utumbo wa karibu kila mnyama mwenye damu moto. Aina zake nyingi hazina madhara. Chache zina vifaa viwili vya hatari: vinyweleo vya kushikilia ukuta wa utumbo, na sumu inayozifanya seli za ukuta huo zimwage maji. Mtoto wa nguruwe mwenye mharo huo haliwi na bakteria, hukaushwa. Maji na chumvi za mwili humtoka kwa nyuma kwa kasi kuliko anavyonyonya, na kwa mnyama mwenye uzito wa kilo moja na ushei saa chache zinatosha kumaliza kila kitu. Mwaka 1975 watafiti nchini Uingereza walionyesha kwamba baadhi ya nguruwe huzaliwa bila mahali ambapo vinyweleo vya aina moja ya bakteria hao vinaweza kushika. Nguruwe hao hummeza bakteria yuleyule, naye hupita tu.

Ndama naye ana mlango wake wa hatari. Binadamu huzaliwa akiwa tayari amepokea kingamwili kutoka kwa mama kupitia kondo la nyuma. Ndama, mwanakondoo na mwanambuzi hawapokei kitu kwa njia hiyo. Kinga yao yote ya siku za mwanzo imo katika dang'a, na utumbo huruhusu kingamwili kupita kwenda kwenye damu kwa muda wa saa 24 hivi, tena ukipungua kila saa inayopita. Ndama wa kilo 30 anahitaji takriban lita tatu za dang'a, na za kwanza azipate katika saa chache za mwanzo. Mfugaji anayemwacha ndama mpaka asubuhi kwa sababu amezaliwa usiku amekwisha kumpokonya sehemu kubwa ya kinga ambayo hakuna sindano itakayoirudisha. Mharo utakapokuja siku ya tatu, utaitwa bahati mbaya.

Hata hivyo dang'a si jibu la kila jambo, na hapa mambo yanapendeza kuyachunguza. Bakteria aitwaye Clostridium perfringens ana aina kadhaa, kila moja na sumu zake. Sumu kuu ya aina C huvunjwa na tripsini, kimeng'enya kinachotoka kwenye kongosho. Dang'a ina vitu vinavyoizuia tripsini ili kingamwili zisimeng'enywe kabla ya kufika kwenye damu. Kwa hiyo, katika siku zilezile ambazo dang'a inamlinda mtoto wa nguruwe, inailinda pia sumu hiyo, na watoto hufa utumbo ukiwa umejaa damu. Dawa ya hali hiyo ni kumchanja mama kabla hajazaa, ili dang'a yenyewe ije na kingamwili dhidi ya sumu. Mambo hayo hayakuishia kwa nguruwe. Katika nyanda za juu za Papua New Guinea, watoto wa binadamu waliozoea kula viazi vitamu, ambavyo navyo huzuia tripsini, walikuwa wakifa kwa sumu hiyohiyo baada ya karamu za nyama ya nguruwe. Chanjo dhidi yake ilipoanza kutolewa kwa watoto mwaka 1980, idadi ya wagonjwa hospitalini ilishuka sana.

Aina D hufanya kinyume. Sumu yake huwashwa na tripsini badala ya kuvunjwa nayo. Huwapata kondoo na mbuzi, na huchagua wale walionona. Wafugaji huona beberu mwenye afya kuliko wote amelala chini amekufa, na minong'ono ya husuda huanza. Maelezo ni mepesi zaidi: mnyama aliyezoea majani amepewa nafaka nyingi kwa mara moja, wanga umepita tumboni bila kumeng'enywa, bakteria waliokuwa wachache utumboni wamepata karamu, wameongezeka na kumwaga sumu. Nafaka ikiongezwa kidogo kidogo kwa siku nyingi, na kundi likachanjwa, vifo hivyo hupungua sana.

Nguvu ya chanjo Uingereza iliiona kwa upande wa mayai. Salmonella Enteritidis huweza kukaa ndani ya kiungo cha kuku kinachotengeneza yai, ikaingia yaini kabla ganda halijafungwa, wala kuku asionyeshe dalili. Desemba 1988 naibu waziri wa afya, Edwina Currie, alisema hadharani kwamba sehemu kubwa ya mayai ya nchi hiyo imeathirika. Soko likatikisika, naye akajiuzulu mwezi huohuo. Kilichotuliza hali kwa kweli kilikuwa chanjo za kuku wa mayai katika miaka ya 1990, pamoja na usimamizi mkali wa mashamba. Mwaka 2017 mamlaka ya chakula ilitangaza kwamba mayai yenye alama ya simba yanaweza kuliwa bila kuiva sana hata na wajawazito na watoto. Kuna hoja moja ya mwaka 2000 inayostahili kukumbukwa hapa: kundi la watafiti lilipendekeza kwamba Enteritidis ilipata nafasi kwa kuku baada ya nchi tajiri kuangamiza jamaa yake, Salmonella Gallinarum, inayoleta homa ya matumbo ya kuku. Mmoja alipotolewa, mwingine aliyefanana naye akaingia. Ni dhana, lakini inaafikiana na mengi yanayojulikana.

Sasa dawa. Katika miaka ya 1950 na 1960, Marjorie Bohnhoff na Phillip Miller walipima ni salmonela ngapi zinahitajika kumwambukiza panya. Kwa panya wa kawaida zilihitajika takriban 100,000. Kwa panya aliyepewa antibayotiki ya streptomaisini zilitosha chini ya 10. Dawa iliwaondoa wenyeji, na mlango ukabaki wazi.

Matokeo hayo yangetosha kuwazuia watu wasichanganye dawa kwenye chakula cha mifugo, lakini hayakuwazuia. Kwa miongo mingi antibayotiki zilitiwa kwenye pumba ili wanyama wakue haraka. Uingereza ilionywa na ripoti ya kamati ya Swann mwaka 1969, Sweden ikapiga marufuku mwaka 1986, Umoja wa Ulaya ukakamilisha marufuku hiyo mwaka 2006. Mwaka 2015 wanasayansi wa China walitangaza kwamba wamegundua jeni, mcr-1, inayowapa bakteria usugu dhidi ya kolistini, dawa ambayo hospitali huitunza kwa wagonjwa walioshindikana. Jeni hiyo huhama kutoka bakteria mmoja hadi mwingine, na ilipatikana kwa nguruwe, kwenye nyama dukani na kwa wagonjwa. China iliacha kutumia kolistini kukuzia mifugo mwaka 2017.

Wanyama wa nyumbani hawajasalimika. Kati ya mwaka 2016 na 2018, zaidi ya watu 110 nchini Marekani waliugua kwa bakteria sugu aitwaye Campylobacter waliyempata kwa watoto wa mbwa walionunuliwa madukani. Wachunguzi walipofuatilia kumbukumbu za watoto hao wa mbwa, takriban 95 kati ya kila 100 walikuwa wamepewa antibayotiki, wengi wao bila kuugua chochote.

Desturi hiyo si ngeni Afrika Mashariki. Mfugaji akinunua vifaranga wa siku moja, mara nyingi huondoka dukani na glukosi, vitamini na pakiti ya antibayotiki iitwayo OTC ya kuchanganya kwenye maji siku tatu hadi tano za mwanzo, ati kuwakinga. Ni siku zilezile ambazo utumbo wa kifaranga unatafuta wenyeji wake. Kumwaga dawa wakati huo bila ugonjwa uliothibitishwa ni kumfungulia njia adui, na ni kosa ambalo wauza dawa wanapaswa kuacha kulishauri. Tena kuku aliyeponea homa ya matumbo kwa dawa huweza kubaki amebeba bakteria, akaendelea kuwapitisha kwenye mayai yake kwa vifaranga watakaofuata. Banda linaonekana limepona, kumbe ugonjwa umehamia kizazi kingine.

Vifaranga wakianza kufa, basi, mfugaji asikimbilie dukani. Achukue mizoga mibichi, aipooze kwa barafu bila kuigandisha, aipeleke kwenye maabara ya mifugo, iwe ya Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania kule Temeke au ya Kabete nchini Kenya, kabla hajatia dawa yoyote kwenye maji. Nazo serikali za ukanda huu zihakikishe kwamba kipimo hicho kinamgharimu mfugaji mdogo fedha chache kuliko pakiti ya dawa.