Shahada ya Kiingereza, Mkopo wa Bodi na Mshahara wa Mwanzo



1. Utangulizi

Msimu wa kuomba vyuo ukifika, swali hili huzuka katika nyumba nyingi za Msasani, Kinondoni na Temeke, hapa Dar es Salaam: kijana aliyesoma HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza) au HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza), na anayekipenda Kiingereza kwa dhati, akope asome shahada ya lugha hiyo? Wapo wanaomkataza wakidai kozi hiyo haina ajira. Wapo wanaomwambia asaini tu, kwa kuwa mkopo ni wa serikali. Wote hao hawajapiga hesabu. Leo nitaipiga mbele yenu, kisha nitaeleza kwa nini naamini utaratibu wa makato unamwelemea zaidi mwenye kipato kidogo, na kwa nini unapaswa kubadilishwa.

2. Tulikotoka

Chuo kilichokuja kuwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza mwaka 1961, na kwa miaka mingi serikali ndiyo iliyowasomesha vijana wetu. Hata hivyo msomi alidaiwa tangu zamani. Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana kupinga mpango wa Jeshi la Kujenga Taifa uliowataka wahitimu walitumikie taifa miaka 2, sehemu kubwa ya muda huo wakilipwa asilimia 40 tu ya mshahara. Mwalimu Nyerere aliwarudisha nyumbani karibu wanafunzi 400, lakini pia akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Ninajifunza mambo mawili hapo: taifa lina haki ya kumdai msomi wake, na mwenye kipato kikubwa ndiye anayepaswa kutangulia kubeba mzigo.

Uchangiaji wa gharama ulipoingia, mkopo ukachukua nafasi ya ufadhili. Sheria Na. 9 ya mwaka 2004 iliunda Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoanza kazi Julai 2005. Mwaka 2016 sheria ilirekebishwa, na makato ya mwajiriwa yakapanda kutoka asilimia 8 hadi 15 ya mshahara wa msingi. Aliyejiajiri alitakiwa kulipa si chini ya shilingi 100,000 kwa mwezi, au asilimia 10 ya kipato chake. Deni pia lilikuwa na tozo ya kulinda thamani, asilimia 6 kila mwaka, na adhabu ya asilimia 10 kwa waliochelewa. Tozo na adhabu hizo ziliondolewa mwaka 2021, na nafuu yake ni kubwa: kwa deni la milioni 10, tozo peke yake ilikuwa 600,000 kwa mwaka, yaani 50,000 kila mwezi.

3. Hesabu yenyewe

Tuchukue mfano wa mhitimu mwenye deni la shilingi milioni 10, mwalimu wa serikali anayeanza na mshahara wa 700,000. Mfuko wa hifadhi ya jamii, asilimia 5, unachukua 35,000. Bima ya afya, asilimia 3, inachukua 21,000. Kodi, kwa viwango vilivyoanza Julai 2021, ni 49,000. Bodi inachukua 105,000. Makato yote ni 210,000, na nusu yake kamili ni ya Bodi. Mkononi inabaki 490,000, kabla ya kodi ya chumba, nauli, chakula na wadogo zake wanaosubiri ada. Deni litakwisha baada ya miaka 8 hivi.

Mwenzake aliyepata shule binafsi kwa 400,000 atakatwa 60,000 kwa mwezi, na atalipa kwa karibu miaka 14. Wa tatu anafundisha tuisheni mtaani na kupata 300,000. Kwa kile kiwango cha chini cha 100,000 cha aliyejiajiri, theluthi ya kipato chake inakwenda kwenye deni. Shahada ni moja na deni ni moja, lakini anayepata kidogo ndiye anayebanwa zaidi. Kukopa harusi, kulipa matanga.

4. Kiingereza kiende na nini?

Sisemi kijana akiache Kiingereza. Nasema asikisome peke yake. Kwa miaka kadhaa serikali imetanguliza walimu wa sayansi na hisabati katika ajira, na walimu wa masomo ya sanaa wamebaki wengi mtaani. Anayetegemea ualimu pekee ajue kwamba foleni ni ndefu.

Lakini Msasani na Masaki zimejaa balozi, hoteli na ofisi za mashirika ya kimataifa, ambako anayeandika Kiingereza safi na Kiswahili fasaha anahitajika. Mwaka 2022 Umoja wa Afrika uliridhia Kiswahili kuwa lugha yake ya kazi. Arusha kuna Jumuiya ya Afrika Mashariki na Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Taasisi hizi zinahitaji wafasiri na wakalimani. Mwalimu Nyerere, aliyekuwa na makazi hapa Msasani, alitafsiri tamthilia mbili za Shakespeare. Kazi ile ilihitaji umahiri wa lugha zote mbili. Kijana wa HKL tayari ana msingi huo. Aongeze tafsiri, uhariri au uandishi wa habari tangu mwaka wa kwanza, asisubiri kuhitimu.

5. Mapendekezo

Kwanza, kijana asisaini mkopo kabla hajaandika kwenye karatasi deni lake lote, mshahara wa kuanzia wa kazi anayoilenga, na kitakachobaki mkononi. Bumu, yaani fedha ya kujikimu, likiingia, akumbuke kwamba nalo ni deni.

Pili, sheria ya kodi haitozi kitu kwa 270,000 za kwanza za mwezi. Makato ya Bodi yaige mfano huo. Kwa asilimia 15 ya kinachozidi hapo tu, mwenye 700,000 angekatwa 64,500 badala ya 105,000, na mwenye 400,000 angekatwa 19,500 badala ya 60,000. Uingereza hufanya hivyo: mhitimu hukatwa asilimia 9 ya kile tu kinachozidi kiwango kilichowekwa.

Tatu, najua marejesho ya leo ndiyo mikopo ya wadogo zetu kesho. Basi pengo litakalotokana na nafuu hiyo lizibwe kwa kupandisha kiwango kwa wenye mishahara minono, wanaoweza kulipa bila kulala njaa.

6. Hitimisho

Dawa ya deni ni kulipa, na kila aliyesomeshwa kwa fedha ya umma anawajibika kuirudisha. Lakini kiwango kimoja kwa mishahara isiyolingana si haki. Naomba wabunge wetu wa Kinondoni na Temeke walifikishe hili bungeni, na ninyi wazazi mkae na vijana wenu mpige hesabu hii kabla dirisha la maombi halijafungwa.