Hotuba: Je, Ukuta wa Seva Pepe Unaweza Kupenywa?



Kompyuta moja kubwa hubeba seva pepe nyingi, kama ploti yenye vyumba vya kupanga. Kila mpangaji ana mlango wake na hapaswi kuona ya jirani. Chumba kimoja kina rekodi za wagonjwa, kingine leseni za biashara, na cha tatu huenda ni cha mtu asiyejulikana. Programu inayogawa vyumba hivyo ndiyo ukuta wenyewe.

Mei 2015, mtafiti Jason Geffner wa kampuni ya CrowdStrike alitangaza kuwa ameuona ufa alipokuwa akikagua kuta hizo. Ufa huo, uliopewa jina VENOM, ulikuwa katika sehemu ya programu ya QEMU inayoiga kifaa cha kusomea disketi. Disketi, ambazo vijana wengi hawajawahi kuzishika! Kasoro ilikuwepo tangu 2004. Mpangaji mwenye mamlaka kamili chumbani mwake angeweza kutoka, akaingia kwenye mashine kuu, kisha kwa majirani. Viraka vilitolewa mara moja.

Majaribio kama hayo hufanywa kwenye mashine za majaribio au kwa idhini ya mwenye seva. Anayejipenyeza bila idhini huvunja Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018.

Mwenye duka anayekodi seva, sawa na ofisi ya umma, ana haki ya kumuuliza mwenye mashine: viraka viliwekwa lini mara ya mwisho, na ni nani aliyeupima ukuta?